Maji ya Kushuka, Maji ya Kupanda

Mkunga alikuwa na matangi manne ya samaki na mgongo mmoja, na mgongo ndio uliotangulia kulalamika. Alikuwa amestaafu wodi ya wazazi baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuinama, na badala ya kupumzika akajitafutia kazi nyingine ya kuinama. Matangi yaliijaza sebule: moja refu kama kitanda nyuma ya kochi, mawili ya wastani upande wa dirisha, na kadogo kamoja kando ya mlango wa korido, kenye kamba wekundu wasiozidi ukubwa wa ukucha. Ndani ya matangi hayo hakukuwa na vinyago wala majumba ya plastiki. Kulikuwa na mimea. Mingine ililala chini kama zulia, mingine ilisimama kama nyasi baada ya mvua, mingine ilikuwa na rangi ya kutu, na samaki walipita katikati yake bila haraka, kama wageni waliokuja kukaa.

Mimea hiyo ilidai maji safi, na maji safi yalidai ndoo. Kila Jumamosi ndoo kumi na nane zilitoka, ndoo kumi na nane zikaingia. Mumewe, karani mstaafu wa mahakama ambaye kila mtu alimwita Karani, mkewe akiwemo, alimsaidia kwa kuhesabu.

"Ya kumi na mbili," angesema nyuma ya gazeti.

Siku mgongo ulipomgomea katikati ya ndoo ya kumi na tatu, Mkunga alikaa sakafuni, akayatazama matangi yake moja baada ya jingine, akakata shauri. Ndoo basi. Matangi yote yataunganishwa kwa mabomba. Maji yatashuka yenyewe hadi kwenye tangi la tano, la chini, ndani ya stoo nyuma ya ukuta. Humo yatachujwa, kisha pampu moja itayapandisha tena sebuleni. Akitaka kubadilisha maji atafungua koki moja hapo stoo, kisha ya pili, akanywe chai.

Mambo yalikuwa mepesi hadi alipofika kwenye suala la mafundi. Si kwamba hakuwa nao. Alikuwa nao wawili, tena wa tumbo moja naye. Wadogo zake wote walikuwa mafundi bomba, na wateja walikwishawapa majina. Mkubwa kati yao aliitwa Mteremko, kwa sababu hakuwahi kumaliza mazungumzo bila kutaja mteremko wa bomba. Hakuna aliyejua maji ya kushuka kama yeye. Mdogo aliitwa Presha. Huyu wa maji ya kupanda: pampu, msukumo, ghorofa ya nne inayolia kiu. Kazi ya Mkunga ilitaka vyote viwili, kushuka na kupanda, na wadogo zake hawakuwa wamesemezana kwa miaka sita.

Chanzo kilikuwa dari. Walikuwa wamefunga tangi la maji juu ya nyumba ya mama yao, wakashuka, wakanawa mikono, wakaaga. Koki moja ilibaki wazi. Kufikia mchana dari la sebule lilishuka zima zima juu ya makochi, na mama yao, aliyekuwa jikoni, alikuja akatazama, akarudi jikoni kumalizia alichokuwa anapika. Mteremko alisema aliyepaswa kufunga koki ni Presha. Presha alisema ni Mteremko. Tangu siku hiyo, kwenye kila shughuli ya familia, walikaa mtu akiwa katikati yao, na mtu huyo alikuwa Mkunga.

"Utamwita yupi?" Karani aliuliza.

"Wote."

Karani alishusha gazeti hadi usawa wa miwani. "Siku moja?"

"Nimesema wote. Sijasema siku moja."

Jumatatu alikuja Mteremko. Aliingia na gololi mfukoni, akaiweka sakafuni, akaitazama ikibingirika kuelekea korido, akaguna kwa kuridhika. Akachora. Tangi la juu limwagie la pili, la pili limwagie la tatu, na kuendelea hadi stoo. Bomba moja pana, mteremko wa kutosha, basi.

"Maji yanashuka ngazi kama mtu mwenye adabu zake," alisema.

Alipoondoka, Mkunga alichukua kalenda ya mwaka juzi, akaigeuza nyuma, akanakili mchoro wote kwa mkono wake. Jumanne alikuja Presha.

"Nani kachora hii?"

"Mimi. Nimewaza waza tu."

"Inaonekana." Presha aliitazama kwa huruma ya daktari. "Dada, jani moja likiziba hapa, tangi la pili litamwagikia kochi. Na hawa kamba wako watatalii nyumba nzima. Aliyekutia wazo hili hakutakii mema."

"Nimejitia mwenyewe."

"Basi hujitakii mema."

Akachora ya kwake. Bomba moja kuu kutoka kwenye pampu, linazunguka ukuta, na kila tangi linapata tawi lake na koki yake. Tangi moja likiwa na shida linafungwa lenyewe, mengine yanaendelea na maisha. Mkunga alitikisa kichwa kama mwanafunzi, na mlango ulipofungwa akachukua kalenda ya mwaka jana.

Jumatano Mteremko aliutazama mchoro huo kwa muda mrefu kuliko alivyotaka ijulikane.

"Umebadilisha mawazo," alisema.

"Usiku wa manane mawazo huja."

"Si mabaya." Neno hilo lilimtoka kwa shida, kama jino. "Ila umechora kama mtu ambaye hajawahi kukatikiwa na umeme. Tazama bomba hili la kurudisha maji, umelizamisha hadi chini ya tangi. Pampu ikizimika, maji yatajinyonya kurudi yalikotoka, yote, hadi tone la mwisho. Utakuta stoo imefurika na samaki wamelala mchangani wanakutazama. Mdomo wa bomba ukae vidole viwili tu chini ya uso wa maji. Yakishuka vidole viwili, bomba linavuta hewa, linanyamaza. Mchoraji huyu anajua kusukuma tu. Kufikiri hajui."

"Ni mimi huyo."

"Ndiyo, dada. Samahani."

Hapo ndipo Mkunga alipoanza kunogewa. Aliyabeba maneno hayo hadi Alhamisi kama mtu anayebeba chakula cha moto, asiache yapoe. "Yaani nimejiona kabisa," alimwambia Presha huku akimwonyesha vile vidole viwili, "najua kusukuma tu, kufikiri sijui." Presha alinuna. Wazo zuri lilimnunisha daima kama si lake. Kisha akalipiza: na kelele je? Maji yakianguka kwenye bomba pana pamoja na hewa, sebule itakoroma kama babu, na ile gesi ambayo mimea inaila itakimbilia nje. Aliyechora hakuwaza mimea.

Ijumaa Mteremko, akiwa amekasirishwa na kelele ambazo bado hazijakuwepo, alitoa dawa: kila tangi liwe na mabomba mawili ya kushukia. La kwanza lijae maji tele na kubanwa kwa koki, lipitishe maji bila hewa na bila sauti. La pili likae kavu, pembeni, mdomo juu kidogo ya usawa wa maji, lisubiri siku ambayo la kwanza litazibwa na jani.

"Bomba la akiba," alisema. "Kuna watu wakisikia neno akiba wanaona wametukanwa."

"Kina nani hao?"

"Watu tu," Mteremko alisema, akaitia gololi mfukoni.

Kwa wiki nzima ile Mkunga alitembea nyumbani kwake akijichekea peke yake. Mchoro ulikuwa umefika mahali ambapo hakuna hata mmoja kati ya wadogo zake ambaye angefika peke yake, na kila mmoja aliamini dada yao, mwanamke wa kuzalisha, alikuwa na kipaji cha mabomba kilichochelewa kuchipua. Tena aliyatia maneno yao chumvi kidogo. Mteremko akisema "hapa si sawa," Presha alisikia "hapa ni aibu." Hakuona dhambi. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amewaambia wanawake kwamba bado dakika tano tu.

Wiki ya pili mambo yakaanza kuwa mazito. Presha alisema ni lazima wajue pampu aliyoileta inatoa maji kiasi gani. Mkunga apandishe mpira hadi usawa wa tangi refu, ajaze ndoo, ahesabu sekunde kwa saa, aandike.

"Mara moja?"

"Mara sita asubuhi, mara sita jioni. Maji ya jioni ni mazito."

Mkunga alitaka kuuliza mazito vipi, lakini kesho yake Mteremko naye, bila kuulizwa, akamwambia asisahau kwamba maji ya jioni ni mazito. Watu wawili wasiosemezana wakisema jambo moja, litakuwa ni elimu. Akajaza ndoo. Mara sita asubuhi, mara sita jioni, siku tatu, na mgongo uliotaka kuepushwa na ndoo ukazikuta ndoo zimezaliana.

Kisha Mteremko akasema sakafu inataka kupimwa, na kochi lipo njiani. Likatoka hadi kibarazani. Presha akasema kochi lirudi, lakini kwenye ukuta mwingine. Mteremko akasema litoke tena, kisha Mkunga aweke sikio ukutani ndani ya stoo, dakika kumi, asikilize kama ukuta "unapokea." Mkunga alisimama gizani stoo na shavu kwenye saruji, kati ya gunia la mkaa na baiskeli mbovu, akisikiliza ukuta. Aliusikia ukipokea. Aliandika hilo pia.

Jioni hiyo alikuwa akipita na ndoo ya nne wakati Karani, aliyekuwa amejilaza kwenye kochi kibarazani kama mfalme, alipofunua ukurasa wa gazeti na kuuliza kwa upole:

"Na maji ya jioni leo yana uzito gani?"

Mkunga alisimama. Akaweka ndoo chini polepole. Hakuwahi kumwambia Karani habari za uzito wa maji, kwa sababu alijua angemcheka.

"Nani amekwambia kuhusu maji ya jioni?"

Gazeti lilipanda taratibu likafunika uso. Mkunga alilishusha kwa kidole kimoja.

Karani alikuwa amekaa mahakamani miaka mingi na alijua wakati wa kukiri. Ilikuwa hivi. Tundu la kioo cha tangi linataka soketi maalumu, yenye nati mbili na mpira wa kuzuia kuvuja, na ni duka moja tu lililokuwa nazo. Jumamosi iliyopita Mteremko alikwenda kuziulizia. Presha naye alikwenda. Walikutana kaunta, kila mmoja na nakala aliyopewa na Mkunga nyuma ya kipande cha kalenda, mwandiko mmoja, mchoro mmoja. Mwenye duka akauliza kama wanajenga nyumba mbili zinazofanana.

"Wakasemezana?" Mkunga aliuliza.

"Hapana. Walisema kupitia kwa mwenye duka. 'Mwambie huyo dada yetu anatuchezea.' 'Mwambie huyo nimeshaona.' 'Mwambie huyo tumtafutie kazi.' 'Mwambie huyo maji ya jioni yawe mazito.' Maskini yule bwana aligeuza shingo hadi ikamuuma. Kisha kila mmoja akanipigia simu akicheka. Nami ningefanya nini?"

"Ungeniambia mimi, mkeo."

"Ningekuambia," Karani alisema. "Lakini ulikuwa umeweka sikio ukutani, sikutaka kukukatiza."

Mkunga aliingia ndani. Alijitahidi kukasirika, hasira ikakataa kuja. Alikaa mbele ya tangi la kamba akacheka hadi machozi yakamtoka, kisha akayafuta, akatafuta kalenda nyingine. Zilikuwa zimekwisha. Alichana ukurasa wa daftari.

Safari hii alichora mwenyewe kweli, na alichora vibaya kwa makusudi. Bomba la kushukia lilipanda. Lilianza stoo chini, likapita juu ya mlango kama upinde wa arusi, likijikunja kwa magoti matano, na upana wa kidole. Bomba la akiba halikuwepo. Pampu ilikaa juu ya kabati la vyombo. Akaupiga picha, akautuma kwa wote wawili, na maneno haya: "Nashukuru kwa ushauri wenu. Nimepata fundi wa kisasa, anachora kwa kompyuta. Huu ndio mchoro wake. Anaanza Jumamosi saa tatu asubuhi."

Kisha akazima simu.

Jumamosi alipofungua mlango, saa moja haijafika, Mteremko alikuwa ameshakaa kibarazani juu ya kochi, mkoba wa vifaa miguuni, uso umekunjamana kama karatasi. Alijibu salamu nusu. Kabla hajamaliza nusu ya pili, pikipiki iliingia getini na mabomba yamefungwa ubavuni, marefu kuliko pikipiki yenyewe. Presha alishuka. Akamwona kaka yake. Kaka yake akamwona.

"Yuko wapi huyo mtu?" Presha alimuuliza dada yake.

"Saa tatu."

"Bomba la kushukia linapanda," Mteremko alisema, akiliangalia geti.

"Pampu kwenye kabati la vyombo," Presha alisema, akiliangalia tairi.

Karani alitoka na kikombe, akaona hali ilivyo, akarudi ndani kuchukua vingine.

"Umekuja na msumeno?" Mteremko aliuliza. Hakusema anamuuliza nani, lakini hapo hapakuwa na mwenye duka.

"Uliwahi kuniona bila msumeno?"

"Basi tuanze. Akifika akute tumemaliza. Atarudi na kompyuta yake."

Mkunga aliingia jikoni haraka ili uso wake usimsaliti.

Walifanya kazi kama watu waliojifunza kwa baba mmoja. Mmoja akinyoosha mkono, kifaa kilikuwa kimeshafika. Mteremko alipima mteremko wa bomba kuu ukutani kwa gololi yake, Presha akitikisa kichwa lakini akisubiri ifike mwisho. Walihamishia samaki na kamba kwenye mabeseni, wakatoboa vioo kwa maji na subira, huku Mkunga akiwa ameziba masikio. Walifunga kila mdomo wa bomba kwa wavu, ili jani wala kamba asipite. Mahali ambapo bomba lingehitaji kufunguliwa siku moja kwa ajili ya kusafishwa waliweka viungo vya kufungua kwa mkono, bila gundi. Wakati fulani, kichwa kikiwa ndani ya stoo, Presha alisema, "Kaka, gundi," na gundi ikapita. Hakuna aliyeonyesha amesikia neno la kwanza. Kamba tu ndio waliokuwa wakitazama.

Waligombana mara moja, kwenye mstari. Tangi la stoo lilipaswa kuwekewa alama: maji yafike hapa wakati pampu inafanya kazi. Presha aliutaka mstari juu, pampu isije ikavuta hewa ikaungua. Mteremko aliutaka chini kabisa, ili umeme ukikatika pawe na nafasi ya maji yote yatakayorudi. Mkunga alileta daftari lake la ndoo na kupiga hesabu mbele yao: vidole viwili kwa urefu na upana wa kila tangi, jumlisha maji yaliyomo kwenye mabomba. Lita sitini, pungufu kidogo. Akachora mstari mwekundu yeye mwenyewe, kati ya mstari wa huyu na wa yule, na wote wawili wakasema umekaa pabaya.

Saa tisa alasiri pampu iliwashwa. Maji yalipanda, yakaingia matangi yote manne, yakaanza kushuka. Kwa dakika nzima sebule ilikoroma. Mteremko alibana koki moja, robo ya mzunguko, akabana ya pili, ya tatu. Mkoromo ukawa mluzi, mluzi ukawa pumzi, kisha ukanyamaza kabisa. Majani ya mimea yalianza kuyumba, yote upande mmoja.

"Zima," Presha alisema.

Karani alikwenda kwenye swichi kuu, akaizima kwa heshima zote za kimahakama. Watu wote wanne wakajibana mlangoni mwa stoo. Maji yalirudi. Yakapita mstari mwekundu, yakapanda, yakaendelea kupanda. Mkunga alimshika Mteremko mkono, akamshika na Presha. Sebuleni bomba la kwanza lilivuta hewa kwa sauti ya mtu anayemaliza soda, kisha la pili, la tatu, la nne. Maji ya stoo yalisimama. Yalibakiza upana wa kiganja kufika ukingoni.

"Nafasi ya bure tupu," Presha alisema. "Mstari ungekaa juu, kama nilivyosema."

"Ukae juu ili siku moja tuite wazima moto?"

"Kiganja kizima, kaka. Kiganja."

"Na dari la mama lilitaka viganja vingapi?"

Mkunga alizidi kuwakaza mikono. Presha akaanza kucheka kwa pua, kwanza kidogo, halafu ikamshinda. Mteremko alijikaza kwa muda, akiangalia maji kana kwamba ni yeye aliyeyaita, kisha naye akashindwa. Walicheka wameegemea baiskeli mbovu. Ila kuhusu nani aliyeiacha koki wazi, hakuna aliyerudi nyuma hata hatua moja, na jioni ilipoingia walikuwa bado wanabishana getini, mmoja juu ya pikipiki, mwingine ameshika usukani asiondoke.

"Na yule fundi wa kompyuta?" Karani aliuliza waliposikia pikipiki ikiondoka hatimaye, imewabeba wote wawili na mizigo yao.

"Alipiga simu," Mkunga alisema. "Gari limemharibikia."

Jumanne iliyofuata alikuta kamba mmoja mwekundu ndani ya tangi la stoo, mzima wa afya, akila ukungu. Wavu mmoja ulikuwa umelegea. Alimpigia Mteremko, ambaye alisema waziwazi kwamba nyavu zilifungwa na Presha. Alimpigia Presha, ambaye aliapa kwamba wavu wa tangi la kamba alifunga kaka yake, kwa haraka, kwa sababu alitaka kunywa chai.

"Sasa mnataka niwe mwenye duka?" Mkunga alisema. "Mpigie mwenyewe umwambie."

Presha alikata simu. Mkunga alimchota kamba kwa kijiko, akamrudisha kwao, akaukaza wavu kwa vidole vyake. Kisha akaona ampigie Mteremko amwambie asihangaike tena. Simu ya Mteremko ilikuwa inatumika. Akajaribu ya Presha. Nayo ilikuwa inatumika. Akangoja hadi chai ikapoa, akajaribu tena, na zote mbili zilikuwa bado zinatumika.